Wauza samaki wa mapambo, acheni kutuuzia magogo ya kuokota mkisema "yako tayari"!

Wakuu, mniwie radhi nikiandika kwa ukali, nina hasira kwelikweli.

Wiki iliyopita nilinunua kigogo cha kuweka kwenye tangi la samaki, hapa hapa Dar. Elfu 35. Muuzaji akaniapia: "Kaka, hiki nimekichemsha mwenyewe, wewe suuza tu utumbukize." Nikamwamini. Juzi nimelala samaki wazima, asubuhi maji meupe kama ya kuoshea mchele, yananuka yai viza. Gapi 11, wale samaki wadogo wa mapambo, wanaelea, waliobaki wako juu kabisa wanatweta, midomo nje. Aliyewaona kwanza ni binti yangu wa miaka 6. Hadi sasa hataki kusogelea lile tangi.

Nikakitoa kigogo nikakipasua. Nje kigumu, ndani kimeoza, kisu kinazama kama kwenye ugali. Magome bado yameng'ang'ania, na chini yake mchanga wa baharini umejaa! Kuchemsha gani huko? Kimeokotwa ufukweni kikapandishwa dukani, basi. Mti uliooza ukikaa majini bakteria wanaufanya chakula, wanazaliana, wanamaliza oksijeni. Usiku ndiyo balaa, maana hata mimea ya kwenye tangi nayo inavuta oksijeni hiyo hiyo.

Na kazi yenyewe wala si ngumu, ndiyo maana inaniuma. Chukua mti uliokufa na kukauka kabisa, ubonyeze kwa ukucha, ukibonyea, tupa. Bandua magome yote. Sugua kwa brashi ngumu bila sabuni wala jiki, kwa sababu mti unazinywa halafu unazitema polepole samaki wakiwa ndani. Chemsha saa moja au mbili, mwaga maji, rudia mpaka ile rangi ya chai ipungue. Kisha loweka kwenye ndoo wiki mbili au zaidi, ukibadilisha maji, hadi kizame chenyewe. Cha baharini kiloweke muda mrefu zaidi, chumvi itoke. Maji yakibaki na wekundu kidogo si tatizo, na ule utando mweupe unaoota juu ya mti siku za mwanzo hauui samaki. Kinachoua ni uozo na sumu.

Sumu, ndiyo. Maana kuna wengine wanawaambia wageni wa fani hii eti "mti wowote mkavu unafaa". Wowote? Utupa je? Wazee wetu walikuwa wanautwanga na kuutia mtoni samaki waelee, leo wewe uuweke kwenye tangi la lita 80? Mnyaa wa uani, wenye utomvu unaounguza macho, nao unafaa? Mwarobaini tunaoulia wadudu shambani? Kama huujui mti, usiuuze na usimshauri mtu!

Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Samaki wako walikuwa dhaifu." Nimewafuga miezi 14, wamezaa mara sijui ngapi, leo ndiyo wamekuwa dhaifu?

Jumamosi nakirudisha dukani. Vipande vyote viwili nitaviweka juu ya meza yake, wateja wakiwepo, abonyeze kwa kidole chake mwenyewe halafu anieleze alikichemsha lini. Na elfu 35 yangu anirudishie.