Naomba ushauri: mwanafunzi ameniuliza swali la selimundu na Mungu, nimekosa jibu

Wakuu habari zenu. Nafundisha baiolojia kidato cha nne, na Jumapili nafundisha watoto wa kipaimara parokiani. Hadi juzi kazi hizi mbili hazijawahi kugongana. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959 halinisumbui. Papa Yohane Paulo II mwenyewe alisema mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko ni zaidi ya dhana tu, nami naamini Mungu anaweza kuumba polepole.

Kilichonikwamisha ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nilichora ubaoni: mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwetu vizazi na vizazi. Mwenye mbili ndiye anayeugua. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono taratibu. Mdogo wake anaugua. "Mwalimu, kwa hiyo mdogo wangu anateseka ili wengine wapone malaria? Mungu ndiye alipanga hivyo?"

Nilibaki na chaki mkononi. Kengele ikalia, sikuwa nimemjibu.

Najua uteuzi asilia (jeni zinazosaidia kuishi kudumu kizazi hadi kizazi) hauna nia wala hauchagui wa kuumia. Lakini nikimwambia "imetokea tu" naona namtupa, na nikisema "ni mapenzi ya Mungu" naona namuumiza zaidi.

Walimu, mapadri, masheikh, na hasa wazazi wenye watoto wa selimundu: ninyi mngemwambia nini? Nina kipindi naye Alhamisi.