Naomba ushauri: kumtafuta shemeji aliyepotelea vitani Sudan

Hamjambo wapendwa. Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Kayole, bado anamngoja kifungua mimba wake, mpiganaji wa SPLA, jeshi la waasi wa kusini mwa Sudan. Walionana mara ya mwisho Kapoeta, kabla jeshi la serikali halijauteka mji Mei 1992; mama akakimbilia Lokichoggio, upande wa Kenya, kisha kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Amebaki na picha moja, imekunjwa mara nne, uso umeanza kufutika kwenye mkunjo. Mkataba wa amani ulipotiwa saini hapahapa Nairobi Januari 2005, alifua shuka za mgeni.

Nataka kumpeleka Msalaba Mwekundu, South C, wanakosaidia kutafuta ndugu waliopotezana. Mliowahi kufungua faili huko, maelezo gani yaliwasaidia? Ukoo, kikosi, jina la jeshini? Hata kama ni kaburi, mama anataka kuonyeshwa.