Mjadala: Riba ikipanda, benki zinachangia zaidi uchumi? Mimi hiyo hesabu siikubali

Wasee, kila mwaka KNBS, wale wa takwimu za taifa, wakitoa ripoti ya uchumi, fedha na bima inawekwa kati ya sekta kubwa na watu wa benki huko Upper Hill wanapiga kifua. Lakini nani ashawahi uliza huo mchango unapimwa aje? Fundi wa Gikomba akiuza jiko, bei iko. Benki nayo haikuandikii risiti ya kazi ya kukukopesha, kwa hivyo wenye takwimu wanakadiria, na huo ndio utaratibu wa dunia nzima, si Kenya pekee. Wanachukua riba fulani ya katikati kama kigezo, alafu wanahesabu pengo. Sema umekopa 100,000 kwa 18% na kigezo ni 12%: hiyo 6,000 ya juu inaandikwa ni huduma umenunua. Mwenye aliweka hizo pesa analipwa 8%, basi 4,000 zingine nazo ni huduma, ati amehifadhiwa. Jumla 10,000.

Sasa, 18% inatoka wapi? Sehemu yake kubwa ni juu benki inaogopa hautalipa. Hiyo hofu haitolewi kwa hesabu, inabaki humo ndani ikiitwa huduma, na mkopo ukikwama hasara yake pia haipunguzi chochote. Tena angalia hii: biashara ikilipa hilo pengo linatolewa kama gharama yake, lakini mama amekopa ya karo ya mtoto, yake inaingia kwa pato la taifa kama matumizi ya nyumbani. Yaani mzazi akikamuliwa, uchumi umekua. Hapo ndipo nakataa.

Jibu:
Boss, nimekaa benki miaka mingi, wacha nikuambie. Ukitoa hilo pengo, benki itaonekana inakula tu, mishahara, kodi ya jengo, mitambo, na ada peke yake hazitoshi kulipa hizo zote. Itakuwa kama hatufanyi kazi yoyote, na hiyo ni uongo. Kwani mmesahau 2016? Riba ikafungwa isizidi 4% juu ya ile ya Benki Kuu, wafanyabiashara wadogo wakanyimwa mikopo, benki zikakimbilia bondi za serikali, hadi sheria ikaondolewa Novemba 2019. Kukopesha mtu hana dhamana ni kazi na iko na bei yake.

Jibu:
Mwenye mada, tenganisha vitu viwili. Ukuaji halisi unatolewa mabadiliko ya bei, kwa hivyo riba kupanda peke yake hakupaswi kuongeza ukuaji. Yenye inavimba ni ile asilimia ya mchango kwa bei za sasa, yaani kabla mabadiliko ya bei hayajatolewa.

Mwenye mada:
Hapo kwa bei za sasa umenirekebisha vizuri, asante, na ndiyo hiyo asilimia naongelea juu ndiyo inabebwa kwa hotuba. Na wewe wa benki, sijasema hamfanyi kazi. Kuchambua nani atalipa ni kazi, kufuatilia ni kazi. Kubeba hatari yenyewe ndio si kazi. Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilifika 13%, mwezi huo huo bondi ya serikali ya miundombinu ikatoka kwa riba ya 18.46%, na mwaka huo mikopo isiyolipwa ikapita 16% ya mikopo yote. Huyo mkopaji hakupata huduma bora kuliko mwaka uliotangulia, alipata riba kali. Uingereza iliwatokea vibaya zaidi: robo ya mwisho ya 2008, benki ya Marekani, Lehman Brothers, imeanguka, serikali inaokoa benki kwa pesa za umma, na vitabu vya taifa vikaonyesha sekta ya fedha inakua kwa kasi haijawahi kuonekana. Andrew Haldane, akiwa Benki Kuu yao, alikuja kulisema hilo wazi 2010.

Jibu:
Sawa, lakini unataka wafanye nini? Kulalamikia fomula ni rahisi.

Mwenye mada:
Waachie fomula, watuvunjie hiyo namba moja. Ada kivyake, bima kivyake, pengo la riba kivyake, na hilo pengo watuonyeshe ni ngapi imelipwa na biashara na ngapi na watu wa nyumbani. Alafu kando yake waweke mikopo iliyokwama mwaka huo. Benki zinapeleka ripoti Benki Kuu kila mara, sioni kwa nini raia wa Kayole mwenye analipa hiyo riba asizione kwa ukurasa mmoja.