Msaada: njia za vumbi zisizo na magari kwa baiskeli, Mtwara au Lindi

Mkazi wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 43, naishi Mtwara mjini, kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba Dar, ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ila tairi ni nene kuliko za mashindano na zina meno madogo. Zimeandikwa 40. Muuzaji aliniambia hii ni ya njia za vumbi. Mimi kwa ujuaji wangu nikaipeleka lami. Wiki mbili zilizopita nikitokea Mikindani, basi lilinipita karibu sana nikaishia kwenye mchanga wa pembeni. Goti limepona, mke wangu bado hajapona. Kasema niuze baiskeli au nitafute pasipo na magari.

Ndiyo naomba ushauri. Nataka sehemu yenye msitu au hifadhi, niendeshe siku mbili na shemeji yangu bila honi kunifukuza. Zamani nilipenda kwenda upande wa Nanyamba, lakini lami imeshafika Mnivata, kilomita 50 kutoka mjini, na mbele kuelekea Tandahimba ni ujenzi na malori. Nimefikiria Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari. Mnasemaje?

Mzaramo Mstaafu
Kusini watu wanatafuta nauli ya gari, wewe una nauli unatafuta baiskeli 😂

Fundi Spoku
Pole mkuu, na usimsikilize huyo hapo juu.

Msimbati niondolee. Hifadhi ni nzuri na ufukwe wa Ruvula hauna mfano, lakini ile 40 uliyoisoma ni milimita, na mchanga wa kule unataka tairi pana mara mbili ya hiyo. Nilishajaribu. Kutoka Madimba kwenda mbele nilitembea kuliko nilivyoendesha, tena jua la saa sita. Halafu magari ya shughuli za gesi yanapita njia hiyohiyo, kwa hiyo hata hilo la utulivu hulipati.

Wewe tafuta udongo mwekundu ulioshindiliwa wenye changarawe juu. Upepo usijaze ukawa jiwe kama wanavyofanya vijana wa pampu barabarani. Kwa mtu wa kilo 70 na tyubu ndani, psi 40 inatosha. Ukizidisha, kila kokoto utaisikia kwenye meno.

Mtoto wa Rondo
Jibu la swali lako liko Lindi. Panda Rondo, uwanda wa juu wenye msitu.

Shika lami ya kwenda Masasi, pita Mingoyo, ukifika Nyengedi unaiacha lami unashika barabara ya vumbi kuelekea juu. Baiskeli ipandishe kwenye gari hadi Nyengedi, usije ukajifanya shujaa kuanzia Mtwara, maana hiyo lami ina mabasi yaleyale. Kuanzia hapo ni mlima. Bonde la Nyengedi liko chini na joto lake la pwani, juu Rondo inazidi mita 800. Sisi tuliokulia kule tulikuwa tunasukuma baiskeli za Phoenix na mahindi juu, kwa hiyo ukishuka ukasukuma na wewe hakuna atakayekucheka. Labda watoto.

Ukishafika juu ni dunia nyingine. Asubuhi kuna ukungu na baridi, unavaa sweta huku Lindi mjini watu wanajipepea. Enzi za mkoloni mvule ulikatwa sana Rondo, na kuna njia za zamani za magogo ambazo leo ni za watu wa miguu na baiskeli. Gari unaweza usilione nusu siku. Sehemu nyingine ni mashamba ya mitiki, imepandwa kwa mistari, kivuli tupu, na majani makavu yanapasuka chini ya tairi kama bisi. Hapo tu angalia siku za kuvuna, lori la magogo halina breki za kukuonea huruma.

Usiku kaa kimya usikilize. Kuna komba mdogo kuliko wote Afrika, uzito wake gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kusafishia chupa, na jina lake la kisayansi limetokana na Rondo. Ana mlio wake wa kurudiarudia. Babu zetu hawakujua kama ni maarufu, walikuwa wanasema tu kadudu kanasumbua.

Kijana wa Mangaka
Kwa nini asiende Lukwika-Lumesule? Pori kubwa, Mto Ruvuma pale, gari hakuna kabisa.

Fundi Spoku
@Kijana wa Mangaka gari hakuna, simba je?

Askari wa Zamani
Kijana, lile ni pori la akiba. Kuna tembo, kuna simba, na uwindaji wa kitalii una msimu wake humo. Mtu juu ya baiskeli, kimya, akitokea kwenye kona, kwa tembo ni mshtuko na kwa simba ni kitu kinachokimbia. Bado sijataja mbung'o, ambao baiskeli haiwezi kuwakimbia.

Na wewe mleta uzi, hata Rondo usiingie kama uwanja wa mpira. Barabara ya kijiji kwenda kijiji ni ya wote. Lakini ukivuka mpaka wa msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, Sheria ya Misitu ya 2002 iko wazi. Pita ofisi yao ya wilaya kabla ya safari, ueleze ni baiskeli mbili na siku mbili, uulize njia zipi zinaruhusiwa. Ukifika kijijini anzia kwa mtendaji, saini kitabu cha wageni. Si urasimu huo, ni ili ukipotea watu wajue wa kumtafuta.

Mwalimu Somoe
Kaka yangu, wote wamekwambia wapi, hakuna aliyekwambia lini. Kusini lini ndiyo kila kitu.

Masika yetu ni moja, inaanza Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei. Humo udongo mwekundu unakuwa sabuni, unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma. Mwezi wa sita na wa saba barabara imekauka, lakini wakulima wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, na wanapuliza alfajiri wakati wewe ndiyo unaamka kuendesha. Mimi nafundisha shule iliyozungukwa na mikorosho, najua macho yanavyowaka. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa, malori ya korosho yanaingia hadi vichochoroni, na hiyo barabara yako tulivu inageuka Kariakoo. Kwa hiyo Agosti na mwanzo wa Septemba. Baada ya hapo tena watu wanachoma mapori, moshi.

Na maji. Juu ya milima yetu, Makonde hata Rondo, mvua inazama ardhini, visima ni vya shida, akina mama wanafuata maji mabondeni. Usiende na chupa moja ukategemea kuomba. Beba lita nne kila mtu, maana ndoo unayoombea glasi imebebwa kichwani kilomita kadhaa.

Mkazi wa Shangani
Dada Somoe, hilo la ndoo limenikaa. Nitabeba lita tano.

Basi ni Rondo, wiki ya pili ya Agosti. TFS nitapita Jumatatu. Swali moja kwa Fundi: kupanda nitasukuma, sawa, ila kushuka? Breki zangu ni za disiki za waya.

Fundi Spoku
Badilisha pedi kabla hujaondoka, na waya vuta upya. Kushuka usishikilie breki moja kwa moja, minya uachie, minya uachie, ukihisi harufu ya kuungua simama upige picha za mandhari. Shika usukani chini kwenye pembe, makalio yarudi nyuma ya kiti. Na weka kengele. Kwenye kona utakutana na mama na kuni kichwani, hasikii baiskeli. Akikupisha, simama umpe shikamoo yake.

Mtoto wa Rondo
Mkifika juu kabla ya saa kumi mniandikie inboksi, kuna bibi yangu anapika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Ila mjue ataanza kwa kuwauliza baiskeli bei gani.

Mkazi wa Shangani
Bei hiyo hata mke wangu haijui. Shemeji hana baiskeli yenye gia, ana Phoenix tu. Kuna mwenye ya kukodisha siku mbili hapa Mtwara mjini?