Fildi ya ustawi wa jamii: wiki 8 nahangaika na wagonjwa, nimepewa C kwa sababu ya sahihi MOJA

Wakuu habari za muda huu. Nisiposema leo nitapasuka.

Nasoma ustawi wa jamii, chuo sikitaji. Nilipangiwa fildi (mafunzo kwa vitendo) hospitali ya wilaya. Afisa ustawi yuko mmoja tu: wazee wa msamaha wa matibabu wake, watoto waliotelekezwa wodini wake, waliopigwa wanaohangaikia PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) wake. Wiki ya kwanza nilitumwa kutoa kopi, kama kawaida yetu. Ya pili akaniamini, nikaanza kukaa na watu.

Kuna bibi mmoja alilazwa na kidonda cha sukari mguuni. Msamaha ulikwama, hana barua ya mtendaji, na ndugu kwenye simu wanatupiana mpira. Afisa yuko semina, akaniambia nenda. Nikapanda daladala mbili kwa hela yangu, nikakaa na mwanawe kibarazani mpaka saa nane, hadi akakubali twende wote kwa mtendaji. Barua ikapatikana.

Sasa msikie. Mwalimu wa chuo kaja kunikagua wiki ya saba. Ofisini hakuingia. Kasimama chini ya mwembe, gari halijazimwa. "Lete logibuku," lile daftari la kazi za kila siku ambalo afisa anasaini. Anafunua kurasa kwa kidole chenye mate. "Tarehe 14 mbona haina sahihi?" Ndiyo siku ya bibi, afisa yuko semina! Naanza kueleza, ananikata: "Mimi nakagua kilichopo kwenye karatasi." Dakika 12, niliangalia saa. Afisa niliyeshinda naye kila siku hakuulizwa hata neno.

Kweli, siku hiyo mwalimu alikuwa na wanafunzi wengine 9 wa kuzungukia. Lakini hilo nalo ni kosa langu?

Mwenzangu alikaa masijala kwa mjomba wake, mteja hajamwona hata kwa dawa. Logibuku kaijaza usiku mmoja hosteli, tena kalamu nilimwazima mimi. Kapata A! Huyo ndiye kesho ataandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, hakimu aitumie kuamua mtoto akae na nani.

Nimeenda ofisi ya mitihani, wananiambia rufaa ni za mitihani ya kuandika tu, fildi haina. Kuna mtu humu aliwahi kupinga alama za fildi akasikilizwa? Alianzia kwa nani?