Elfu 80 kwa saa moja ya kuongea na mwanasaikolojia, wenzangu mnawezaje?

Kontena_Tupu

Wakuu habari za leo. Naandika kwa akaunti mpya maana ile ya zamani mpaka mashemeji wanaijua.

Iko hivi. Mzee wangu alifariki mwezi wa tatu, tukazika, nikarudi mjini nikaendelea na kazi kama kawaida, mimi ni mtu wa klearingi, kukimbizana na makaratasi ya makontena bandarini. Mwezi wa sita asubuhi niko ndani ya basi la mwendokasi limejaa mpaka mlangoni, tumefika Magomeni moyo ukaanza kwenda mbio, vidole ganzi, pumzi haitoshi, nikajua basi leo nakufa nimesimama. Nikashuka nikakaa chini pale kituoni, bi mkubwa mmoja anauza karanga akanipa maji. Dakika kumi hivi ikaisha kama haijatokea. Tangu siku hiyo imenirudia mara sita, na sasa mwendokasi sipandi kabisa, naamka saa kumi alfajiri nizunguke na daladala.

Nimepimwa moyo, kile kipimo cha kubandikwa mawaya kifuani, presha, sukari, damu, tezi ya shingo, kila kitu safi. Daktari akaniambia kijana moyo wako mzima, kamuone mwanasaikolojia. Pale kwao hayupo. Nikapiga simu sehemu moja binafsi dada wa mapokezi anasema elfu 80 kwa kikao, kikao dakika 50. Nikamuuliza vinakuwaga vingapi, akasema inategemea. Inategemea nini sasa dada yangu? Nikakata simu nikatoa kikokotoo, kila wiki mara moja ni laki 3 na 20 kwa mwezi, na mimi wakishakata makato nabaki na laki 7, hapo kuna kodi, kuna ada ya mtoto, kuna mama kijijini ambaye sasa yuko peke yake.

Kwa hiyo naomba kujua mliopitia mnalipaje? Bima inahusika? Na nikitumia bima ya ofisi HR si ataona nimeenda kwa watu wa akili? Halafu ishu nyingine mke hajui chochote, na simu yangu anaishika, miamala anaiona. Matusi yapelekeni jukwaa lingine.

Babu_GongolaMboto

Elfu 80 ya kuongea?? Mkuu njoo kijiweni kwetu kahawa kikombe mia mbili, unaongea mpaka isha na tunakusikiliza watu saba. Huo ni msiba haujakutoka tu, nenda nyumbani kakae na mama wiki mbili, kasomeni dua, urudi. Sisi baba zetu wamekufa tukiwa wadogo na hatukumlipa mtu.

Mama_Wawili

Babu na heshima zote, kijiweni ndo pa mwisho pa kumpeleka mtu wa namna hii, kesho yake mtaa mzima unajua.

Kaka pole sana na msiba. Mimi nilipitia baada ya kujifungua mtoto wa pili, sikuwa na mbio za moyo ila nilikuwa nalia jikoni natwanga vitunguu saumu hata sijui nalilia nini. Nikuambie kitu ambacho mapokezi hawatakuambia: bei unayotajiwa kwenye simu ni ya kuanzia mazungumzo tu, inashuka. Mimi niliambiwa elfu 70, nikamwambia mwanasaikolojia mwenyewe, sio mapokezi, dada yangu mimi ninayo elfu 40 na naweza kuja mara mbili kwa mwezi, je tunaweza? Alinyamaza kidogo akasema tunaweza ila uje saa nne asubuhi siku za kazi, muda ambao wengi hawaji. Kumbe wengi wao wana nafasi mbili tatu za watu wa kipato kidogo, hawazitangazi tu. Usipouliza unalipa ya juu.

Na hilo la "inategemea" ni kweli inategemea, lakini mtaalamu mzuri kikao cha kwanza au cha pili anakupa makadirio. Mimi aliniambia tuanze na vinane halafu tutazame. Vinane kwa elfu 40 ni laki 3 na 20 yote, nimeilipa kwa miezi minne, ile ile uliyokokotoa wewe kwa mwezi mmoja umeona? Si lazima kila wiki. Kila wiki ni nzuri zaidi mwanzoni, sikudanganyi, lakini wiki mbili mbili sio bure.

Uliza pia kabla hujaenda usipofika unakatwa? Maana mimi siku moja foleni ya Mwenge imenishika dakika 35, nimefika zimebaki 15 na nimelipa nzima. Niliumia jamani. Ila ndo sheria yao, ule muda wameshauweka pembeni kwa ajili yako.

Spana_13

Hilo la mke na miamala acha nikupe yangu mkuu ucheke kidogo. Mimi nilikuwa nalipa kwa simu moja kwa moja kwenye namba ya yule mama mwanasaikolojia, lipa namba hana. Kwa hiyo kila alhamisi saa kumi na moja jioni inatoka elfu 60 kwenda kwa Neema. Alhamisi nyingine elfu 60 Neema. Mke wangu hakusema kitu wiki tano, yaani wiki TANO, wiki ya sita nimerudi nimekuta dada zake wawili wamekaa sebuleni na begi langu limefungwa vizuri kabisa mpaka mswaki. Ilibidi nimpigie Neema simu mbele ya kamati nzima na yeye akawa mgumu, anasema siwezi kuthibitisha kama huyo ni mteja wangu, siri ya mteja 😂😂 nikamwambia mama NAKURUHUSU niokoe ndoa.

Jina nimelibadilisha kidogo. Ila mwambie mkeo. Huna haja ya kumwambia mnaongea nini ndani, mwambie tu hospitali wamenituma kwa mtaalamu kwa sababu ya yale mapigo ya moyo na inagharimu kiasi hiki. Kama hutaki kabisa basi lipa taslimu na uchukue risiti.

Sindano_Taratibu

Niongeze kama mtu niliyeko kwenye sekta, muuguzi.

Mleta uzi tofautisha watu wawili hapa maana wengi wanalipa mlango usio wao. Kuna daktari bingwa wa magonjwa ya akili, huyo ni daktari kamili, anaandika dawa. Na kuna mwanasaikolojia tiba, huyo haandiki dawa, kazi yake ni hivyo vikao. Ukienda kwa bingwa ukitegemea kuongea dakika 50 utatoka na dakika 10 na cheti cha dawa, utasema umeibiwa. Ukienda kwa mwanasaikolojia ukitaka kidonge cha usingizi atakurudisha. Kwa hayo uliyoandika, yanapanda haraka, yanafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi yanashuka, halafu unaanza kukwepa mahali yalipotokea, mwanasaikolojia ni sehemu sahihi ya kuanzia, na hiyo ya kukwepa mwendokasi umtajie mapema kwa sababu ndo inayoyalea.

Kuhusu gharama kabla hujakimbilia binafsi. Muhimbili kuna idara nzima ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa hapa Dar, Amana, Mwananyamala, Temeke, ulizia kitengo cha afya ya akili. Usiogope neno hilo, watu wakisikia akili wanawaza hospitali ya Mirembe tu, na hata Mirembe yenyewe watu wanaenda kliniki asubuhi mchana wako Dodoma mjini wanakula chipsi. Ni nafuu kuliko binafsi, ubaya wake ni foleni na unaweza kukutana na sura tofauti kila ukienda. Pia ulizia kama kuna wanafunzi wa uzamili wa saikolojia tiba, chuo cha afya cha MUHAS wanasomesha hao. Wanafanya kazi chini ya msimamizi na wanajiandaa kuliko mtu aliyechoka.

Bima sasa. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba mwanasaikolojia aliyefungua chumba chake peke yake mara nyingi hana mkataba na kampuni ya bima, kwa hiyo kadi yako pale ni plastiki tu. Yule yule akiwa anakaa ndani ya hospitali yenye mkataba, bili inapita hospitalini. Kwa hiyo swali la kupiga simu sio "mnapokea bima?" maana utajibiwa ndio, hospitali inapokea. Uliza "mwanasaikolojia wenu analipwa na bima yangu au nalipa mfukoni?" Halafu piga bima wenyewe namba ya nyuma ya kadi uulize vikao vingapi kwa mwaka na kama unahitaji rufaa. Kama daktari alikupa kikaratasi cha rufaa USIKITUPE.

HR kuona au kutoona inategemea ofisi yenu inalipaje. Kama ni bima ya kawaida ya kadi, mwajiri analipa michango, habari za ugonjwa wako hazipaswi kumfikia. Lakini kama ofisi yenu ni zile za unalipa mwenyewe halafu unapeleka risiti mhasibu akurudishie, hapo jiandae, mhasibu anasoma.

Mwisho, muulize amesoma nini na wapi bila aibu. Siku hizi kuna watu wamehudhuria semina wiki mbili wana cheti ukutani na kiti cha kuzunguka.

MvitaHalisi

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo ni yale yale tu bei ndo shilingi tofauti, mimi nilikuwa nalipa 3,500 kwa sesheni, kaunsela wangu yuko Nyali na mimi natoka Likoni, feri na matatu ongeza. Kuna sheria ya makaunsela na wanasaikolojia ya 2014 inayotaka mtu awe amesajiliwa, kwa hiyo mimi nilimwitisha usajili kwanza, hakununa, akanionyesha. Akinuna ondoka. Na ile sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inasema bima isimbague mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili, lakini wee! kwenye karatasi bima yangu ilikuwa imeandika inalipa, kumbe kikomo kidogo sana, sesheni nne kikaisha. Somani zile herufi ndogo.

Mimi nilimalizia kwa vidio, akanipunguzia mpaka 2,500. Shida ikawa nyumba yetu ni vyumba viwili watu sita. Nilikuwa nafanyia sesheni ndani ya tuktuk ya ndugu yangu imepakiwa, mapazia yameshushwa, na bando ikiisha katikati unabaki umelia nusu.

Babu_GongolaMboto

Tuktuk tena. Haya.

Kontena_Tupu

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa kimya.

Mke nimemwambia. Spana_13 ile hadithi yako nimeitumia kama utangulizi, akacheka halafu akaniuliza kwani ulifikiri sioni unavyoamka saa kumi? Basi nikaona nilikuwa najificha peke yangu.

Ofisi kwetu ni ile ya risiti kwa mhasibu kwa hiyo bima nimeiacha. Nilipata mtu kupitia ile hospitali, anakaa sehemu yake mwenyewe Kinondoni jumamosi. Elfu 60, nikatumia maneno ya Mama_Wawili neno kwa neno, tukakubaliana 45, mara mbili kwa mwezi. Midomo ilikuwa imenikauka kuliko siku ya posa.

Kikao cha kwanza nilitegemea kochi la kulala kama kwenye sinema, hakuna, ni viti viwili vya plastiki vile vya mikono vimewekwa mto, boksi la tishu, na saa ya ukutani iko nyuma yangu yeye anaiona mimi siioni. Akanipa karatasi ya maswali saba, kila swali unajipa 0 mpaka 3 kwa wiki mbili zilizopita, jumla ya juu ni 21, mimi nikapata 14. Akaniambia tutaijaza tena baada ya vikao kadhaa tuone inashuka au haishuki, hapo nikamwamini kidogo maana angalau kuna kitu cha kupimia, kama mzigo, unapima unapoingia unapima unapotoka. Akaniuliza nakunywa vile vinywaji vya enaji vingapi kwa siku. Nikasema vitatu, meli zikiwa nyingi vinne. Akaandika. Hajanihubiria, ameandika tu, lakini nimepunguza hadi kimoja.

Halafu akaniuliza siku mzee anafariki nilikuwa wapi. Nilikuwa ndani ya mwendokasi wakuu. Simu ya mama niliipokelea ndani ya mwendokasi, na nilikuwa sijawahi kuliunganisha hilo hata siku moja. Tishu nimetumia nne.

Sasa swali: amesema nikilipa vikao vinane kwa pamoja anapunguza mpaka 40. Nilipe?

Mama_Wawili

Usilipe vyote. Umekaa naye mara moja tu. Mwambie utalipia vitatu kwa bei hiyo ya 40, mkielewana ndo uendelee. Na iandikwe kwenye risiti ukihama au yeye akihama hela inarudi, mimi nilimlipa mtu mmoja kabla ya huyu niliyemsema akapata kazi mkoani, laki na ushee imeenda na basi.

Sindano_Taratibu

Naunga mkono. Halafu amekupa kazi ya nyumbani?

Kontena_Tupu

Sawa nitamwambia vitatu.

Kazi amenipa ndio. Jumanne saa nne, wakati halijajaa, napanda mwendokasi Manzese nashuka Kagera. Sitakiwi kufika kazini wala nini, napanda, nashuka, naandika moyo ulikuwa ngapi kwa kumi. Mke kasema atanisindikiza, yule mwanasaikolojia amesema hapana, aningojee kituoni Kagera.