Mjadala: Uvimbe wa pituitari upasuliwe hapahapa Unguja, au tuendelee kupeleka wagonjwa nje?

MtuWaNgambo: Jamani, hospitali ya Mnazi Mmoja kuna taasisi ya upasuaji wa ubongo tangu 2014, ile ya wakfu wa NED wa Uhispania. Basi tudai na upasuaji wa tezi ya pituitari ufanywe hapa, au tuendelee kuchangishana nauli za Dar na India? Kila nikiuliza naambiwa maji ya ubongo yatavujia puani.

Bint_Malindi: Hatari ipo. Tezi hiyo imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, na daktari hupitia puani. Kinachozuia maji ni utando mwembamba. Uvimbe ukiwa mkubwa umepanda juu, au mtu alishapasuliwa ama kupigwa mionzi kabla, utando huchanika upesi. Maji yakionekana palepale kwenye meza ya upasuaji, ndio uwezekano wa kuvuja baadaye unapozidi.

Kachorora: Wanaovuja ni wanene. Kina mama wapunguze biriani kwanza.

BiMkubwa_Kikwajuni: Wewe kijana, mamako umemwambia hayo? Mdogo wangu alivuja. Mnene alikuwa, na biriani hakuwa mlaji.

Kachorora: Bi mkubwa, sikulitunga mie. Unene hupandisha presha ndani ya kichwa. Madaktari wanasema.

Mwanafunzi_Tiba: Wanasema, yakhe, lakini uvimbe mwengine wa pituitari ndio unaonenepesha! Unaziamrisha tezi za juu ya figo zimwage homoni ya kotisoli: uso unaviringa, tumbo linatoka, mikono na miguu inabaki myembamba. Ugonjwa wa Cushing. Unamlaumu mtu kwa maradhi yaliyompeleka hospitali.

BiMkubwa_Kikwajuni: Ndio huo huo! Watu wakimsema mpaka harusini. Baada ya upasuaji kila akiinama tundu moja la pua linadondosha maji maangavu, kooni anaonja chumvi. Akaambiwa mafua. Homa ya uti wa mgongo ikamlaza.

Kachorora: Pole, bi mkubwa. Lakini mie sikumsema yeye, nimesema wanene kwa jumla.

BiMkubwa_Kikwajuni: Na yeye yumo humo kwenye jumla yako.

MtuWaNgambo: Swali letu jamani! Kuziba kunawezekana. Tangu 2006 kuna njia ya kukata ngozi laini ya ndani ya pua pamoja na mshipa wake wa damu, ikafunika tundu. Wengine hutia na mafuta ya tumboni. Kinachotakiwa ni mkono uliozoea.

Mpemba_wa_Konde: "Hapahapa Unguja." Na sie? Mgonjwa kakatazwa kupenga, kujikamua chooni, kunyanyua mzigo, halafu arudi kwao kwa boti, mkondo wa Nungwi, akitapika njia nzima?

Bint_Malindi: Atakaa Unguja mpaka apone, kaka.

Mpemba_wa_Konde: Kwa nani, dada? Nyinyi mnadai chumba cha upasuaji. Mie nadai Pemba pawe na mtu anayejua kuwa maji yale si mafua. Hata kile kijiti cha kupimia sukari wangekitia.

Mwanafunzi_Tiba: Kijiti hicho kinadanganya, kamasi nayo huwa na sukari. Kipimo chake ni cha beta-2 transferini, protini iliyomo kwenye maji ya ubongo, na ni cha maabara kubwa.

Mpemba_wa_Konde: Basi wachukue maji wayatie kwenye chupa wayapeleke. Chupa haitapiki.